Mfasiri au Mkalimani: Nani wa Kumtafuta, na Kazi Ipi ya Kusomea

Kwenye barua za ubalozi, fomu za hospitali za ughaibuni na matangazo ya kazi, maneno mawili ya Kiingereza hukutana mara kwa mara: "translator" na "interpreter". Wa kwanza ni mfasiri, wa pili ni mkalimani. Majina tunayo, ila mitaani wote wawili tunawaita mtafsiri, na matokeo yake mmoja anachukuliwa kwa kazi ya mwingine. Mtu aliyezoea kukaa kimya na kamusi zake anasimamishwa mahakamani kando ya shahidi anayelia. Mwingine, hodari wa kusema, anakabidhiwa mkataba mnene na kuambiwa aurudishe kesho asubuhi. Wote watajitahidi, na atakayeumia ni mwenye shida.

Nawaandikia watu wa aina mbili. Yupo mwenye jambo mkononi sasa hivi: ana kesi, ana mgonjwa, ana cheti cha kupeleka ubalozini au ana mkutano wa kuandaa, na hajui amtafute nani. Na yupo kijana anayezimudu lugha mbili, anataka zimpe riziki, hajui asomee lipi. Wote huambiwa jibu lile lile, kwamba mfasiri ni wa maandishi na mkalimani ni wa mazungumzo. Jibu ni sahihi, lakini halimfikishi mtu kwenye uamuzi.

Vigezo vya kupimia

Nitawapima wote wawili kwa mambo matano. La kwanza ni nafasi ya kurudi nyuma: je, mtu huyu anaweza kusahihisha alichokwisha kutoa? La pili ni kinachobaki baada ya kazi, maana kuna kazi inayoacha karatasi yenye sahihi na kuna inayoacha hewa tu. La tatu ni mitego ya Kiswahili chenyewe kinapokutana na Kiingereza, na jinsi kila mmoja anavyoikwepa. La nne ni ujuzi na hulka. La tano ni malipo na maandalizi, yaani wewe unayemwita unapaswa kumpa nini zaidi ya fedha.

Mfasiri

Nafasi ya kurudi nyuma. Hii ndiyo neema ya mfasiri. Matini chanzi, yaani maandishi ya asili, iko mbele yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Anaweza kuisoma yote kabla ya kuandika neno la kwanza, akaacha sentensi ngumu ikalala usiku kucha, akampigia mwenye hati kuuliza, akafuta, akaanza upya. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa tena mwaka 1969 ikiwa imerekebishwa, hata jina la kitabu likiandikwa kwa namna nyingine. Alikuwa rais wa nchi na bado aliona inafaa kurudi kwenye kazi aliyokwisha kuichapisha. Mkalimani hapati nafasi kama hiyo.

Kwa sababu ya neema hiyo, tafsiri nzuri haitoki kwenye mikono ya mtu mmoja. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka kila kazi ipitiwe na mtu wa pili anayelinganisha matini chanzi na matini lengwa, yaani tafsiri yenyewe. Ukimpa mtu cheti chako akakurudishia baada ya nusu saa bila jicho la pili, ujue hatua imerukwa.

Kinachobaki. Kinabaki kila kitu. Karatasi ipo, na miaka kumi baadaye mtu mwingine anaweza kuiweka kando ya hati ya asili akahesabu makosa. Ndiyo maana ofisi nyingi zinataka mfasiri aweke jina lake. Idara ya uhamiaji ya Marekani, kwa mfano, inataka kila hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili pamoja na tamko la mfasiri kwamba tafsiri hiyo ni sahihi na kwamba yeye anazimudu lugha zote mbili. Ujerumani wapo wafasiri walioapishwa, na ofisi za serikali huulizia muhuri wao. Tanzania, BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma ya tafsiri, na barua yenye muhuri wake hupunguza maswali. Kabla hujalipa popote, iulize ofisi inayoipokea hati inataka aina gani ya uthibitisho. Kila nchi ina masharti yake, na tafsiri nzuri yenye muhuri usiotakiwa itarudishwa dirishani.

Mitego ya lugha. Chukua sentensi hii kutoka kwenye maelezo ya polisi: "Aliingia ndani, akamwambia anyamaze, akaondoka naye." Ni watu wangapi, na nani ni mwanamume? Kiswahili hakijali, Kiingereza kinajali. Mfasiri atasonga mbele kurasa mbili, atakuta "mume wake" au "yule dada", atarudi kuijaza sentensi kwa uhakika. Akikosa, ataandika tanbihi au atamuuliza mhusika. Vivyo hivyo neno "ndugu": huyu ni kaka wa tumbo moja, mtoto wa baba mdogo, mtu wa kijiji kimoja, au mwenzake wa chama? Mfasiri makini halivuki neno hilo kabla ya kujua.

Ujuzi na hulka. Mfasiri ni mwandishi kwanza. Kusema lugha mbili hakutoshi, lazima aweze kuandika ile anayoielekea kama watu wake wanavyoiandika. Ndiyo sababu wengi wa wafasiri wazuri hufanya kazi upande mmoja tu, kuelekea lugha wanayoimudu zaidi. Mswahili anayetafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili kwa ustadi mkubwa anaweza kabisa kukataa kazi ya kinyume chake, na kukataa huko ni dalili njema. Hulka inayotakiwa ni subira na udadisi: mtu anayeweza kutumia asubuhi nzima kutafuta jina la chombo kimoja cha mashine ya kusaga, akauliza mafundi wawili watatu, na asione kwamba muda umepotea.

Malipo na maandalizi. Hulipwa kwa neno au kwa ukurasa. Kwa matini ya kawaida, maneno 2,000 hadi 3,000 kwa siku ni kiwango ambacho wafasiri wengi wa kazi hii hukitaja, na sheria au tiba hupunguza kasi. Kwa hiyo ripoti ya maneno 20,000 ni kazi ya wiki nzima na zaidi, na mapitio bado. Anachohitaji kutoka kwako ni nakala inayosomeka, majina ya watu jinsi yalivyo kwenye pasipoti, na mtu wa kumuuliza maswali.

Anafaa kwa nani: kwa yeyote ambaye maneno yake yatahifadhiwa, yatasomwa bila yeye kuwapo, au yatawekewa sahihi.

Mkalimani

Nafasi ya kurudi nyuma. Karibu haipo. Maneno yanatoka, yanapita, mengine yanakuja nyuma yake. Katika ukalimani fuatizi msemaji husema kidogo, hunyamaza, na mkalimani hutoa kwa lugha ya pili akisaidiwa na alama chache alizoandika kwenye daftari. Katika ukalimani sawia mkalimani husema huku bado anasikiliza, akiwa nyuma ya msemaji kwa sekunde chache. Na upo ule wa kunong'oneza, ambapo mkalimani hukaa kando ya mtu mmoja na kumpa sikioni yanayoendelea.

Ukalimani sawia wa vipaza sauti na vifaa vya kusikilizia masikioni ulijulikana sana duniani kupitia kesi za viongozi wa Wanazi huko Nuremberg, Ujerumani, za 1945 na 1946, ambapo Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani vilikwenda kwa wakati mmoja. Palikuwa na taa mbele ya msemaji: ya manjano ilimwambia apunguze kasi, nyekundu ilimwambia asimame. Taa hizo zilikubali ukweli ambao waandaaji wengi wa mikutano yetu bado hawajaukubali, kwamba msemaji naye ana wajibu kwa mkalimani. Mheshimiwa anayesoma hotuba mbio, tena hotuba ambayo wakalimani kwenye kibanda chao hawajaiona, amewanyima wasikilizaji wake nusu ya hotuba.

Mitego ya lugha. Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Mgonjwa Mswahili anamwambia daktari, "Mkono unaniuma." Kiingereza kinataka kujua: ni kiganja, au ni huku juu kuanzia begani? "Mguu" nao ni vivyo hivyo, kuanzia nyonga hadi unyayo. Mkalimani asiyejua atachagua mojawapo na daktari ataandika hilo. Anayejua kazi atasema wazi kwa pande zote mbili kwamba anahitaji ufafanuzi, atauliza, kisha ataendelea. Halafu daktari anasema dawa inywewe saa nane asubuhi kwa hesabu ya Kizungu. Mkalimani lazima atoe "saa mbili asubuhi". Akitoa nane tupu, mgonjwa ataimeza mchana, au atapotea kabisa. Mtu anasema ana presha, mwingine ana sukari, na mkalimani anapaswa kujua kwamba haya ni majina ya magonjwa. Hana muda wa kufungua kamusi, na mgonjwa anamtazama.

Kisha kuna Kiswahili kingi ndani ya Kiswahili. Mkimbizi kutoka Bukavu au Uvira, mashariki mwa Kongo, anaweza kusema "banakuya" (wanakuja) na "bintu" (vitu), akachanganya na maneno ya Kifaransa, na mkalimani aliyelelewa Tanga akakosa mambo ya msingi. Kwenye karatasi wote wawili wameandikwa Kiswahili. Ukiwa unaomba mkalimani ughaibuni, taja Kiswahili cha wapi. Ni haki yako kusema, "Huyu simwelewi vizuri," na ni heri kulisema dakika ya kwanza kuliko baada ya saa mbili za mahojiano.

Na lile neno "ndugu" ambalo mfasiri alilala nalo? Kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi linapita kwa nusu sekunde. Mkalimani anasema kaka. Miezi sita baadaye, kwenye mahojiano ya pili, mkalimani mwingine anasema binamu. Afisa anafungua faili, anaona mtu huyu amebadilisha maelezo yake. Mwombaji hakubadilisha kitu, alisema "ndugu yangu" mara zote mbili. Wenye mamlaka ya kupokea wakimbizi wanapaswa kulijua jambo hili, na mwombaji mwenyewe anaweza kujikinga kwa kutaja uhusiano kwa urefu: "mtoto wa kaka yake baba yangu".

Kinachobaki. Mara nyingi hakibaki kile kilichosemwa, kinabaki kile mkalimani alichokitoa. Kwenye mahakama nyingi hakimu huandika maneno yaliyotoka kwa mkalimani, na ushahidi wenyewe katika lugha ya shahidi hupotea hewani ikiwa haukurekodiwa. Ndiyo maana mkalimani wa mahakama huapa kabla ya kuanza. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, hatua iliyowaondolea wengi ukuta wa lugha uliokuwa mbele yao, ingawa yule anayejua Kimang'ati au Kimakonde tu bado anamhitaji mkalimani.

Mfano mzito zaidi uko Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, na maneno yao yalipita kwenye Kifaransa kabla ya kufika kwenye Kiingereza. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, mshtakiwa wa mauaji ya kimbari, ya tarehe 2 Septemba 1998, majaji walitenga sehemu nzima kueleza ugumu wa kupata maana ya maneno kama "Inyenzi" na "Ibyitso", na maneno ambayo mashahidi walitumia kusema wamebakwa. Walimwita mtaalamu wa isimu awaeleze maana ya maneno hayo kulingana na mahali na wakati yaliposemwa. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba ukalimani ni kazi ya kitaaluma. Minyororo ya aina hii si migeni katika nchi zetu: mwaka 1862, mvumbuzi Mwingereza John Speke alipokuwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, alisema Kihindustani na mtu wa msafara wake, Sidi Mubarak Bombay, Bombay akatoa kwa Kiswahili, na mtu wa tatu akayafikisha kwa Kiganda. Kila kiungo kinachoongezwa ni mahali pengine pa maana kuponyoka.

Ujuzi na hulka. Kumbukumbu, sikio, na moyo unaotulia. Tofauti na mfasiri, mkalimani wa hospitali au mahakama hufanya kazi pande zote mbili, dakika hii Kiswahili kwenda Kiingereza, dakika inayofuata kinyume chake. Husema kwa nafsi ya kwanza: mgonjwa akisema "naogopa", mkalimani anasema kwa Kiingereza "naogopa", hasemi "anasema anaogopa". Haongezi ushauri, hapunguzi matusi, hamtetei mtu. Hilo la mwisho ni gumu kwa sisi tuliolelewa kupooza maneno makali mbele ya wakubwa. Mkalimani anayelainisha kauli ya bibi kizee kwa heshima ameibadilisha kauli yake, na bibi hajui.

Kwa hiyo tuseme wazi juu ya watoto. Familia nyingi za ughaibuni humtumia binti wa miaka 12 kwa sababu Kiingereza chake ni safi kuliko cha wote nyumbani. Anakwenda na mama yake kliniki, anasikia habari za kizazi cha mama yake, anaambiwa amfikishie majibu ya saratani. Sheria za afya za Marekani zinakataza hospitali kumtegemea mtoto awe mkalimani isipokuwa kwa dharura, na hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kutoa mkalimani bure. Omba. Usimbebeshe mtoto mzigo huo kwa kuona haya kuuliza.

Na usidhani mtu mzima yeyote anayejua lugha mbili anatosha. Mwaka 1980, Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake, Wakuba, walitumia neno la Kihispania "intoxicado", wakimaanisha amedhurika kwa kitu alichokula. Upande wa hospitali ulilisikia kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, ukaelewa amezidisha dawa za kulevya, na akatibiwa hivyo. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa ilifikia takriban dola milioni 71. Hakuna aliyeomba mkalimani, kwa sababu kila upande uliamini umeelewa.

Malipo na maandalizi. Hulipwa kwa saa, kwa nusu siku au kwa siku. Kwa ukalimani sawia hahitajiki mmoja bali wawili kwa kila lugha, wakipokezana kila dakika 20 au 30, kwa sababu akili huchoka na makosa huanza kabla mwenyewe hajayagundua. Waandaaji wanaposema "mmoja anatosha, ni siku moja tu," wanakata fedha mahali pabaya. Wapelekee ratiba, majina ya wasemaji na hotuba siku kadhaa kabla.

Anafaa kwa nani: kwa watu walio hai mbele ya wenzao, wanaoulizana na kujibizana, ambao jibu la huyu linategemea alichosema yule.

Mahali mpaka unapofifia

Wakati mwingine mkalimani hupewa barua mahakamani na kuambiwa aisome kwa sauti kwa lugha nyingine hapo hapo. Kwa barua fupi inawezekana. Kwa mkataba wa kurasa 30, kataa, hapo anahitajika mfasiri. Kinyume chake ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaotakiwa kuwa ushahidi: ni mazungumzo, lakini kazi yake ni ya mfasiri. Husikilizwa, huandikwa neno kwa neno kwa lugha yake, kisha hutafsiriwa, ili karatasi zote mbili ziwe mezani. Wakalimani wa lugha ya alama, wanaoitwa wa lugha ya ishara Kenya, ni wakalimani kamili ingawa hawatoi sauti, na katiba ya Kenya inaitaja lugha hiyo kati ya lugha rasmi za Bunge.

Programu za simu nazo? Kwa kuuliza njia ya stesheni au kupata kwa jumla barua inahusu nini, zitumie. Lakini zile sentensi za "akamwambia anyamaze" programu huzijazia mwanamume au mwanamke bila kukuuliza, na haikwambii kwamba imekisia. Kwa jambo lenye sahihi, dawa au kifungo, hilo tu linatosha kunifanya nimtafute mtu.

Kwa hali yako

Una vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa au vya shule kwa ajili ya viza au chuo: mfasiri. Ulizia kwanza uthibitisho unaotakiwa, halafu soma mwenyewe majina na tarehe kabla hujapeleka. Tarehe hasa, kwa maana Marekani huanza na mwezi, na 4/7 inaweza kuwa siku nyingine kabisa.

Una mgonjwa ughaibuni: mkalimani, na kama hospitali haina wa kukaa chumbani, wa simu au video anakubalika. Maelekezo ya dawa ya kwenda nayo nyumbani yaombe kwa maandishi yaliyotafsiriwa, usitegemee kumbukumbu ya mtu aliyetoka kupewa habari nzito.

Unaandaa mkutano wa kanda: wakalimani wawili kwa kila lugha kwa ajili ya ukumbini, na mfasiri kwa ajili ya maazimio. Usiwaombe wakalimani waliokesha kibandani waketi usiku watafsiri tamko la mwisho. Wataitikia kwa adabu, na tamko litakuwa na makosa.

Wewe ni mwandishi au mchapishaji: mfasiri, tena anayetafsiri kuelekea lugha ya wasomaji wako. Mwombe kurasa mbili za majaribio na uzilipie.

Wewe ni kijana unayechagua cha kusomea: jijaribu kabla hujalipa ada. Sikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza, simamisha kila baada ya dakika mbili, useme kwa Kiswahili yote uliyosikia, tarakimu zikiwemo. Siku nyingine chukua ukurasa mmoja wa maelekezo ya matumizi ya dawa, uutafsiri, uuache siku mbili, kisha uurudie. Angalia ni lipi lilikuacha ukitaka kuendelea. Soko lipo kwa yote mawili: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi Agosti 2019, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi Februari 2022, na mikutano hiyo inahitaji sauti kibandani na nyaraka mezani. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo chake cha tafsiri na ukalimani. Ukipanga kufanya kazi Australia, ujue mamlaka yao, NAATI, hutoa ithibati ya mfasiri na ya mkalimani kila moja peke yake, na kuwa na moja hakukupi nyingine.

Una kesi ya kuomba hifadhi: unawahitaji wote wawili. Mfasiri ashughulikie maelezo yako ya maandishi na vielelezo, mkalimani awe nawe siku ya mahojiano. Mwombe wakili wako akusomee kwa Kiswahili yale maelezo yaliyokwisha kutafsiriwa, mstari kwa mstari, kabla hujaweka sahihi. Andika kando orodha ya watu wote unaowataja na uhusiano wao kwako, mmoja mmoja, bila kutumia neno "ndugu", pamoja na miji na tarehe. Siku ya mahojiano ombeni mkalimani aruhusiwe kuiona orodha hiyo kabla ya kuanza. Mwishoni, kabla afisa hajafunga faili, mwombe kumbukumbu ya mahojiano isomwe kwako kwa Kiswahili, na pale unaposikia kitu ambacho hukukisema, sema hapo hapo na uombe kiandikwe kuwa umekisahihisha.